Yale maduara ya bluu si ushahidi wa "maji yaliyopangika"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nijibu makala ya ukurasa wenu wa afya iliyolisifu jagi linalodaiwa "kuyapanga upya" maji ya kunywa. Sina ugomvi na mwandishi. Ameandika alichoambiwa na wauzaji. Ugomvi wangu ni na picha. Ni ileile inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp tangu mwaka jana: maduara ya bluu yamejipanga mstari kwa mstari, na chini yake maneno kwamba kompyuta imethibitisha kuwa sumaku iliyofichwa kwenye kitako cha jagi huzilazimisha molekuli za maji kukaa kwa mpangilio, na kwamba maji ya namna hiyo hupenya kwenye seli za mwili upesi kuliko maji ya bomba.

Ningeiacha ipite kama ninavyoziacha nyingine. Ila mama mkwe wangu amelinunua jagi hilo kwa shilingi laki tatu na nusu alizokopa kwenye kikoba, na nilipomuuliza kwa upole amelipendea nini, alinijibu, "Mwanangu, hata kompyuta imeyaona hayo maji." Nikanyamaza, maana mkwe habishiwi mezani. Gazeti naweza kulibishia.

Mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari hapa Morogoro. Kabla ya kurudi kwenye chaki nilisoma shahada ya uzamili, na kazi yangu yote ilikuwa kuiga maji na utando wa seli ndani ya kompyuta. Maduara yale ya bluu nimekesha nayo. Nayafahamu yanatoka wapi, yanatumika kwa kazi gani, na yanadanganya wapi. Aliyeichukua picha hiyo huko ilikokuwa ameiacha nyuma sehemu yote ya maelezo.

Nilipoikuza kwenye simu niliona mambo mawili. La kwanza, duara halina upande. Molekuli halisi ya maji ina oksijeni moja na haidrojeni mbili zilizokaa kwa pembe ya nyuzi 104.5. Oksijeni inazivutia elektroni kwake, kwa hiyo upande wake una chaji hasi kidogo, na upande wa haidrojeni una chaji chanya kidogo. Karibu kila tabia ya maji tunayoifundisha kidato cha kwanza hadi cha sita inaanzia hapo. Duara la bluu halina kichwa wala mkia, halina chanya wala hasi. La pili ni namna yalivyopangana. Kila duara limebanwa na mengine sita kwenye safu yake, na safu ya juu imekaa kwenye mabonde ya safu ya chini, kama machungwa kwenye meza za wauzaji wa Msamvu. Ukihesabu juu, chini na pembeni, kila moja lina majirani 12.

Maji halisi hayapangani hivyo hata yakiganda. Katika barafu, kila molekuli ina majirani wanne tu, wameshikamana nayo kwa bondi za haidrojeni, na kati yao kuna nafasi kubwa wazi. Kwa ajili ya nafasi hizo, sentimita moja ya ujazo ya barafu ina gramu 0.917 tu, ndiyo maana barafu huelea kwenye glasi. Vitu vilivyobanana kwa majirani 12 hufanya kinyume: vikiganda vinakuwa vizito kuliko vilipokuwa kimiminika. Barafu ya kwenye picha yenu ingezama.

Basi picha hiyo ni ya nini? Nina hakika kubwa kwamba ni maji ya modeli ya punje kubwa, yaani maji ya kuigwa kwenye kompyuta ambamo atomi kadhaa hufanywa punje moja, na kwa sura yake ni maji ya Martini au ndugu yake wa karibu. Wanafunzi wangu wakisikia jina hilo hufikiria pombe, lakini jina limetokana na mji wa Groningen, Uholanzi, ambao mnara wake maarufu wa kanisa unaitwa hivyo. Kundi la Siewert-Jan Marrink katika chuo kikuu cha huko lilichapisha msingi wake mwaka 2004, na jina likaja na toleo la 2007. Humo, punje moja inasimama badala ya molekuli nne za maji kwa pamoja. Atomi 12 zimegeuzwa kitu kimoja cha mviringo, chenye upana wa karibu nanomita 0.47, kisicho na chaji yoyote.

Kwa nini mtu mwenye akili timamu ayafanyie maji hivyo? Kwa sababu ya hesabu. Mwaka 1971 Aneesur Rahman na Frank Stillinger walipochapisha uigaji wa kwanza wa maji ya kimiminika unaofuata mwendo wa kila molekuli, walikuwa na molekuli 216. Leo sanduku dogo tu la nanomita sita kila upande lina molekuli zipatazo 7,200, yaani atomi 21,600. Kompyuta inapiga hesabu ya kani kati ya atomi hizo, inazisogeza kidogo, inapiga tena. Kila hatua ni femtosekunde mbili, na femtosekunde ni sehemu moja ya milioni bilioni ya sekunde. Kuifikia sehemu moja ya milioni ya sekunde, muda ambao utando wa seli ndiyo kwanza unaanza kuonesha mambo ya maana, unahitaji hatua milioni 500.

Na kinachokula muda zaidi ni umeme, yaani kani kati ya chaji. Kani ya kawaida ya kusukumana kwa atomi inaisha karibu, lakini kani ya chaji inafika mbali: kila chaji inaihisi kila chaji nyingine sandukuni, na sanduku lenyewe linarudiwa pande zote bila mwisho ili lisiwe na kuta. Paul Ewald aliipatia njia hesabu ya namna hiyo mwaka 1921 akishughulikia fuwele, na mwaka 1993 ikapatikana mbinu ya kuiharakisha ambayo programu nyingi zinaitumia hadi leo. Hata hivyo bado ni mzigo. Ukiweka punje, sanduku lile la atomi 21,600 linabaki na vitu 1,800, hatua yako inarefuka hadi femtosekunde 20 au zaidi, na kwa kuwa maji hayana chaji, mzigo wa umeme wa maji unafutika wote. Kazi iliyokuwa inataka mtambo wa chuo kikuu inafanyika usiku kwenye kompyuta ya mezani yenye kadi ya michezo ya video. Mimi sikuwahi kuwa na mtambo. Bila punje kubwa nisingehitimu. Siandiki barua hii kuzidharau.

Ila zina bei, na bei hiyo wenyewe waliiandika tangu mwanzo bila kuficha. Ya kwanza ni kuganda. Maji ya Martini yale ya awali huganda kwenye kelvini 290 hivi, nyuzi 17 za Selsiasi. Kwa modeli hiyo, wakazi wa Lushoto wangeamka kila asubuhi ya Julai na kukuta ndoo zimekuwa mawe. Na yanaganda upesi zaidi yakiwa karibu na ukuta ulionyooka, kwa sababu punje za kwanza zinajibanza kwenye ukuta, za pili zinakaa kwenye mabonde ya zile za kwanza, na mpangilio unapanda hivyo hadi unaijaza picha. Watu wa fani walipata dawa ya kuchekesha: kuchanganya punje nene kidogo, kama moja kwa kila kumi, ili zivuruge safu zisikae sawa. Tunaziita za kuzuia kuganda. Asiyeziweka, akaendesha kazi yake kwenye joto la chini, akirudi anakuta kile ambacho gazeti limechapisha kama muujiza wa sumaku. Matoleo ya karibuni ya modeli, likiwemo kubwa la mwaka 2021, yamelipunguza tatizo hilo, lakini picha za zamani hazijafutwa kwenye mtandao.

Bei ya pili ni ya umeme, na hiyo ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Chukua ioni ya sodiamu na ioni ya kloridi, zile chembe zenye chaji zinazounda chumvi ya mezani. Katika ombwe zinavutana kwa nguvu kubwa. Ziweke kwenye maji ya nyuzi 25, umbali uleule: mvuto unapungua karibu mara 78. Molekuli za maji zilizo kati na kandokando yake zinageuka, zinaielekezea sodiamu upande wa oksijeni na kloridi upande wa haidrojeni, na zote kwa pamoja zinaumeza mvuto ule. Ndani ya mafuta, ambayo molekuli zake hazina pande za chaji za kugeuza, mvuto unapungua kama mara mbili tu. Mama yeyote anajua kwamba chumvi haiyeyuki kwenye mafuta ya kukaangia. Sababu ni hiyo.

Punje isiyo na chaji haina cha kugeuza. Sodiamu na kloridi zikitumbukizwa kwenye maduara ya bluu, maduara hayana habari nazo. Watu wa Groningen wakaamua kuiambia programu igawanye kila kani ya umeme kwa 15, popote pale, iwe ndani ya maji au ndani ya utando. Hiyo 15 si maji wala si mafuta. Ni namba ya maridhiano iliyochaguliwa ili mambo mengi yaende vizuri kwa wastani, na kwa kazi ya utando uliotulia kwa kweli yanaenda vizuri.

Yanapokwenda mrama ni pale chaji inapohama kutoka majini kuingia kwenye mafuta. Katika maumbile, kuiingiza ioni ndogo moja kwa moja katikati ya utando wa seli, ambako ni mafuta, kunagharimu zaidi ya kilojuli 100 kwa moli, wakati mtikisiko wa joto la kawaida unatoa kilojuli 2.5 hivi. Ndiyo sababu seli zinaweza kutenga sodiamu nje na potasiamu ndani, na mishipa yetu ya fahamu inafanya kazi. Sehemu kubwa ya gharama hiyo inatokana na tofauti ya 78 upande mmoja na 2 upande wa pili. Katika modeli ya awali, nje ni 15 na ndani ni 15. Ioni bado inazuiliwa, lakini na kanuni nyingine iliyowekwa kwa mkono, ya punje zipi zinapendana na zipi zinachukiana. Kizuizi cha umeme chenyewe hakimo.

Mwaka 2010 kundi hilohilo, safari hii kazi ikiongozwa na Semen Yesylevskyy, lilichapisha maji mapya. Punje ikabaki ya molekuli nne, ila sasa ndani yake kuna vipande vitatu: cha kati kisicho na chaji, na viwili vidogo vilivyofungwa kwake kwa umbali wa nanomita 0.14, kimoja kikiwa na chaji ya +0.46 na kingine −0.46. Vipande hivyo viwili vinaweza kuyumba na kuzunguka. Uwanja wa umeme ukipita, vinageuka kama maji yanavyogeuka. Ile namba ya kugawanyia ikashushwa kutoka 15 hadi 2.5, na kazi iliyobaki ya kudhoofisha mvuto ikafanywa na maji yenyewe, mahali maji yalipo tu.

Tofauti inaonekana kwa macho. Maabara za baiolojia huingiza DNA kwenye seli kwa kuupiga utando kwa umeme mkali wa muda mfupi hadi utoboke. Ukiujaribu uwanja huo kwenye maduara ya zamani, hayashtuki, yanakaa tu. Kwenye maji ya 2010 punje zinageuka kufuata uwanja, zinajipenyeza kwenye utando, tundu linafunguka na maji yanapita. Nilipoliona tundu hilo kwenye skrini yangu kwa mara ya kwanza, saa nane za usiku, nilimwamsha mwenzangu wa bwenini, na hakunishukuru.

Si Groningen peke yao. Kundi la Montevideo, Uruguay, lilitoa mwaka huohuo wa 2010 maji ya vipande vinne vyenye chaji, vilivyounganishwa kwa umbo la piramidi, kundi moja likisimama badala ya molekuli kama 11. Na kabla yao, mwaka 2009, Valeria Molinero na Emily Moore wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walikwenda njia ambayo ningesema ndiyo ya ujasiri kuliko zote: molekuli moja, punje moja, hakuna haidrojeni, hakuna chaji hata chembe, ila punje inalazimishwa kupenda majirani wanne kwa pembe inayofaa. Barafu yake inayeyuka kwenye kelvini 274 hivi, nyuzi moja hivi tu juu ya ile halisi. Mimi nayapenda maji hayo ya Utah kuliko yote. Ukitaka kujua barafu inaanzaje mawinguni, yatumie. Ukitaka kujua chumvi inavutana vipi, usiyaguse, kwa sababu umeme umeachwa nje kwa makusudi.

Kila moja ya modeli hizi ilikata kitu ili kingine kiende haraka, na aliyeikata alisema amekata nini. Picha ya jagi imebeba maduara, ikaacha hayo. Sasa nirudi kwa wauzaji.

Wanasema sumaku ndiyo iliyopanga. Katika hesabu zinazozalisha picha ya namna hiyo hakuna mstari wowote unaohusu sumaku. Hakuna mahali pa kuiandika. Kuna kani za kusukumana na kuvutana, kuna joto, kuna kanieneo. Ni kweli kwamba sumaku inayagusa maji: inayasukuma, kwa udhaifu mkubwa mno. Mwaka 1997 Andre Geim na wenzake mjini Nijmegen, palepale Uholanzi, walimwelesha chura hai hewani kwa sababu mwili wake umejaa maji, na chura alitoka mzima. Sumaku yao ilikuwa na nguvu ya tesla 16. Ya kubandikia karatasi kwenye friji haifiki hata sehemu moja ya mia ya tesla moja, na hata ile ya chura haikuyapanga maji mistari, iliyainua tu.

Wanasema mpangilio unadumu hadi mdomoni. Bondi ya haidrojeni kati ya molekuli mbili za maji ya kawaida inadumu kwa wastani wa pikosekunde moja hivi kabla ya kukatika na kushika kwingine, na mwelekeo wa molekuli kwa ujumla unasahaulika ndani ya pikosekunde nane kwenye nyuzi 25. Ndani ya sekunde moja zimo pikosekunde trilioni moja. Kabla jagi halijafika kwenye glasi, maji yameshasahau mara nyingi zaidi ya ninavyoweza kuziandika ubaoni.

Na hili la kupenya kwenye seli ndilo linalonichekesha. Maji mengi yanaingia na kutoka kwenye seli kupitia milango maalumu ya protini inayoitwa akwaporini, ambayo Peter Agre wa Marekani alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003 kwa kuigundua. Mlango mmoja unapitisha molekuli kama bilioni tatu kwa sekunde, lakini unazipitisha moja baada ya nyingine, kwa foleni, kwa sababu sehemu yake nyembamba ina upana wa nanomita 0.28 tu. Hata kama jagi lingepanga safu nzuri kiasi gani, mlangoni safu hiyo ingevunjwa. Na lile duara la bluu la kwenye picha, lenye molekuli nne ndani yake na upana wa 0.47, haliingii kabisa. Hii ni moja ya kasoro zinazojulikana za maji ya punje kubwa: huwezi kuyatumia kuchunguza akwaporini. Wauzaji wa maji yanayopenya seli wamechagua, kati ya picha zote duniani, ya maji yasiyoweza kupita mlangoni.

Nisingejali sana kama hasara ingekuwa laki tatu na nusu za mama mkwe peke yake, ingawa kikoba nacho hakina huruma. Shida ni pale wauzaji haohao wanapolitembeza jagi miteremko ya Meru na Kilimanjaro wakisema "linarekebisha" na floridi. Floridi ya Bonde la Ufa ni ioni, imeshikwa na maji kwa umeme uleule nilioueleza, ndiyo maana haionekani, haitui chini, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua kwa mvuke inazidi kukolea. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya ukanda huo vinakipita, meno ya watoto yakishuhudia. Kuna kinachoitoa: mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Madini ya mfupa yana nafasi za haidroksidi ambazo floridi inaingia na kubaki. Kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanya kazi ya mkaa huo kwa miaka mingi. Mkaa wenyewe unachoka, unapaswa kubadilishwa au kuhuishwa, na maji yanapaswa kupimwa. Mambo ya kuchosha kama hayo hayapigiwi picha za kupendeza.

Ombi langu ni dogo. Mkichapisha tena picha iliyotoka kwenye kompyuta, wekeni chini yake mistari miwili: kila duara linawakilisha nini, na lilikuwa kwenye joto gani. Muuzaji asiyeweza kujibu hayo mawili hajui anachouza. Mwandishi wenu akitaka kujionea, nitamtumia faili la sanduku la punje 1,800 lenye kuta mbili zilizonyooka. Linafunguka kwenye GROMACS, programu ya bure iliyozaliwa Groningen hukohuko, na kompyuta ya ofisini kwenu inatosha. Aliendeshe kwa nyuzi 12, bila zile punje za kuzuia kuganda, aliache likimbie hadi asubuhi. Atapata picha yenu ya ukurasa wa afya. Kisha apandishe joto hadi nyuzi 50, aangalie safu zinavyovurugika. Sumaku haitahitajika mara zote mbili.

Wenu msomaji,
Mwalimu wa Kemia,
Kihonda, Morogoro.